Namna ya Kununua Skrini ya Kisasa Kayanga na Bado Gemu Likakwama

Kijana wa Kayanga aliyeamua kununua skrini ya gemu hahitaji mtu wa kumzuia. Anahitaji mtu wa kumwongoza vizuri, ili atakaposhindwa ashindwe kwa utaratibu. Mwongozo huu ni wake, na ni wa wenzake wa Nkwenda, Isingiro, Rubwera na Murongo, maana Kyerwa ilipogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012 vitu vingi viligawanywa, ila gemu kukwama kukabaki mali ya wote. Fuata hatua zote bila kuruka hata moja. Mwisho wake utakuwa na skrini ya hezi 144 mezani na picha inayokatika vilevile kama ya jana.

Hatua ya kwanza: usijue skrini inafanya kazi gani

Hii ndiyo hatua mama. Anayejua anachonunua hununua kidogo, na muuzaji naye ana watoto. Nitaeleza mara moja tu, nawe ukimaliza kusoma ujitahidi kusahau.

Skrini ya kawaida huchora picha mara 60 kwa sekunde (hezi 60), yaani kila baada ya milisekunde 16.7, iwe kuna picha mpya au hakuna. Kadi ya michoro iliyo ndani ya kompyuta haina ratiba hiyo. Ukiwa unatembea peke yako kwenye uwanja mtupu inaweza kumaliza picha moja kwa milisekunde 12. Bomu likilipuka, moshi ukatanda na maadui wakatokea kila upande, picha moja inachukua 25.

Sasa fikiria basi linaloondoka stendi ya Omurushaka kwa saa yake, liwe limejaa au tupu. Likiondoka abiria akiwa na mguu mmoja ndani, nusu yake inafika Kyaka na nusu inabaki stendi. Hiyo ndiyo picha inayochanika katikati ya skrini, kichwa cha adui kikiwa kushoto na kiwiliwili kulia. Dawa ya zamani iliitwa V-Sync: abiria aliyechelewa asubiri basi linalofuata. Kwa sheria hiyo, picha iliyochukua milisekunde 17 inaonekana baada ya 33.3. Gemu lililokuwa na picha 60 kwa sekunde linaporomoka hadi 30, kosa lake ni kuchelewa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja.

Oktoba 2013, mjini Montreal, kampuni ya Nvidia ikatangaza G-Sync: skrini isichore mpaka picha iwe tayari. Picha ikichukua milisekunde 20, skrini inachora baada ya 20. Ikichukua 14, inachora baada ya 14. Januari 2014 AMD wakaonyesha FreeSync, na Mei mwaka huohuo VESA, chama kinachopanga viwango vya skrini, kikaingiza wazo hilohilo, kwa jina la Adaptive-Sync, katika kiwango cha waya wa DisplayPort 1.2a. Dunia ya gemu ikapiga makofi. Karagwe hatukuona cha kushangilia. Hiace zetu zimekuwa zikiondoka zikijaa, si saa ikifika, tangu zamani, na hakuna konda aliyewahi kupewa hataza kwa uvumbuzi huo.

Haya, sahau.

Hatua ya pili: omba pesa kwa sababu ya uongo

Mfuate mzee jioni, akiwa ameshiba. Msalimie kwa adabu, kisha umweleze kwamba skrini hii inaongeza kasi ya kompyuta.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Leo umeamkia mlango huu, kuna nini?”

“Baba, kuna skrini inaongeza kasi ya kompyuta.”

“Kwani kompyuta yenyewe haina kasi?”

“Inayo, ila kidogo.”

“Basi mwanangu, si uongeze pale palipopungua?”

Ondoka haraka kabla mazungumzo hayajaendelea. Mzee hajawahi kushika kipanya, lakini amegusa ukweli ambao matangazo yote huuzungukia: skrini ya aina hii haiongezi picha hata moja. Kadi inayotoa picha 45 kwa sekunde itaendelea kutoa 45. Faida ni kwamba kila moja inaonyeshwa inapokamilika, hivyo jicho halioni kusita wala kuchanika. Ulaini unapatikana bila kasi kuongezeka.

Kuhusu pesa yenyewe, wapo watakaokushauri usubiri kahawa ya maganda ikauke, ipelekwe chama cha msingi, malipo yatoke. Hao hawana haraka ya maisha. Kuna njia fupi inaitwa butura: unamuuzia mtu kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, naye anakuja kuvuna. Serikali inaipiga vita na wazee wameilaani, lakini sijaona mbinu nyepesi kama hiyo ya kugeuza jasho la familia nzima kuwa skrini ya inchi 24. Kwa kuwa lengo letu hapa ni hasara, butura inapendekezwa.

Hatua ya tatu: nunua skrini kabla ya kuangalia kompyuta

Kompyuta nyingi za mezani mikononi mwa vijana wetu ni mitumba ya maofisini iliyopitia Kariakoo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Chukua ile yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, isiyo na kadi ya michoro ya kuchomeka. Mashine hiyo ilitengenezwa iandike barua na kupiga hesabu za mishahara. Michoro ya ndani ya Intel ilianza kuelewana na Adaptive-Sync kwenye prosesa za Ice Lake za mwaka 2019. Ukiichomeka OptiPlex ya 2013 kwenye skrini ya kisasa, itaonyesha picha bila shida, ila ule utaratibu wa kusubiriana haitausikia kamwe.

Mwenye kadi ya Nvidia naye asijisahau. Hadi Januari 2019 kadi hizo zilikubali skrini zenye kifaa maalumu cha G-Sync tu, na bei yake ilikuwa ya kuomba msamaha nyumbani. Baadaye zikafunguliwa kwa skrini za Adaptive-Sync, lakini ni kuanzia kizazi cha GTX 10. GTX 750 Ti inayopendwa sana kwenye mitumba imebaki nje. GTX 1050 Ti imo, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada wa umeme. Yapo hata mafupi yanayoingia kwenye kasha jembamba la ofisi. Taarifa hiyo ni hatari kwa mpango wetu. Usimwambie mtu.

Wewe mwenye kibanda cha gemu chenye PS4, nunua televisheni ya VRR pia, maana ndilo jina la kusubiriana huko kwenye televisheni. PS4 haiujui utaratibu huo; Sony waliipa PS5, Aprili 2022. Wateja hawataona tofauti yoyote kwenye mpira, lakini ukibandika karatasi ukutani iliyoandikwa “SASA TUNA VRR” unaweza kupandisha bei ya mechi kwa siku mbili tatu kabla hawajagundua.

Hatua ya nne: mwamini muuzaji

Muuzaji atakuambia, “Kaka, hii ni FreeSync, imevuka mpaka wa Murongo jana.” Tikisa kichwa kwa heshima. Usimuulize swali la kishamba kama: FreeSync yake inaanzia hezi ngapi mpaka ngapi?

Ukiuliza utajua kwamba skrini haiwezi kusubiri milele. Ina kikomo cha chini. Nyingi za bei nafuu hufanya kazi kati ya hezi 48 na 75. Kompyuta yako ikishuka hadi picha 40, umeshatoka nje ya mipaka na picha inachanika tena. Skrini ya kuanzia 48 hadi 144 ina ujanja zaidi: picha zikishuka hadi 40, kila picha inaonyeshwa mara mbili, skrini ikaenda kwa hezi 80 bila wasiwasi. Ndiyo kazi ya wapiga debe wanaojazana kwenye Hiace ili ionekane imebakiza abiria mmoja. Ila ujanja huo unataka kikomo cha juu kiwe zaidi ya mara mbili ya kile cha chini, na 75 haifiki hata mara mbili ya 48.

Hapo ndipo penye utamu wa biashara hii. Mwenye kompyuta yenye nguvu hutoa picha 70 kwa sekunde muda wote na skrini yoyote inamtosha. Mwenye kompyuta dhaifu ndiye picha zake hupanda na kushuka, ndiye anayehitaji mipaka mipana, na ndiye anayeuziwa mipaka finyu kwa sababu ya mfuko wake.

Muuzaji akiishiwa hoja atakuambia skrini ya hezi 60 haipatani na umeme wetu wa hezi 50, kwa hiyo ununue na stebilaiza yake. Kweli 60 ilitokana na umeme: televisheni za mwanzo za Marekani zilifuata mapigo ya gridi ya kwao. Lakini skrini ya leo hugeuza umeme kuwa kama wa betri kabla ya kufanya lolote, haijali kama ulitoka kwenye mitambo ya Kikagati kwenye mto Kagera, ambayo umeme wake Tanzania na Uganda zinagawana, au ulitoka kwingine. Stebilaiza inafaa kwa sababu umeme hupanda na kushuka. Wewe inunue kwa ile sababu nyingine.

Usisahau kujivunia pia. Madini ya bati yamechimbwa Kyerwa tangu enzi za mkoloni, na bati ndilo sehemu kubwa ya risasi ya kuchomelea vifaa vya umeme. Inawezekana kabisa kwamba kilichoondoka Kyerwa kwa kilo kimerudi kwako kwa gramu, na umeongezewa bei ya hezi.

Hatua ya tano: tumia waya wa bluu

Ndani ya boksi kutakuwa na waya wa DisplayPort. Huo utafaa kuanikia nguo. Unganisha skrini kwa VGA, waya wenye kichwa cha bluu na parafujo mbili pembeni, uliotokana na kompyuta za IBM za mwaka 1987. VGA haibebi habari yoyote ya skrini kumsubiri mtu. Kompyuta ikikosa tundu la VGA, nunua adapta. Ukilazimika kutumia HDMI, usiangalie kama kadi na skrini yako vinaelewana kupitia njia hiyo; AMD huikubali kwenye skrini nyingi za FreeSync, lakini kwa GTX 10 ya Nvidia njia ni DisplayPort.

Hatua ya sita: usiguse mipangilio

Mara nyingi Windows huipokea skrini mpya ya hezi 144 na kuiendesha kwa 60. Iache hivyohivyo. Wapo waliotamba kijiweni miezi mizima na hezi 144 ambazo hazijawahi kuwashwa. Kwenye vitufe vya skrini yenyewe kuna neno FreeSync, ambalo mara nyingi huja likiwa limezimwa, usilitafute. Kwenye programu ya kadi nako kuna sehemu ya kuwasha, usiifungue.

Ndani ya gemu, panga vivuli, maji na nyasi kwenye kiwango cha juu kabisa, ili kadi ishindwe hata kufika picha 48. Usiweke kikomo cha picha. Mtu mwenye busara kwenye skrini ya 144 hukiweka karibu 141, ili asigonge mpaka wa juu na kurudia matatizo ya V-Sync, lakini mwenye busara hasomi mwongozo huu. Mwisho, weka kompyuta chini, karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi. Vumbi likiziba feni, kadi inapata joto na kujipunguza kasi yenyewe, nawe utapata sababu ya kudai kadi mpya.

Hatua ya saba: laumu skrini kwa makosa ya mtandao

Adui akikupiga risasi ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta, piga meza na ulaani skrini. Usikumbuke kwamba seva nyingi za magemu makubwa ziko mbali, kama Ulaya au Afrika Kusini, na kwamba amri yako inatoka Kayanga kwenda huko na kurudi. Hakuna skrini inayofupisha safari hiyo. Inanyoosha kile kilicho kati ya kadi na macho yako, basi.

Kwa aliyechoshwa na kejeli

Anza na kompyuta. Kama kadi yake haielewi Adaptive-Sync, pesa ya skrini iende kwenye kadi. Kisha chagua skrini ambayo kikomo chake cha juu ni zaidi ya mara mbili ya cha chini, itumie kwa DisplayPort, iwashe FreeSync kwenye vitufe vyake na kwenye programu ya kadi, na uweke hezi sahihi ndani ya Windows. Punguza vivuli mpaka gemu likae juu ya picha 50. Hapo utaona tofauti, tena kubwa kuliko anayoiona tajiri mwenye kadi ya picha 200, maana teknolojia hii iliwafaa zaidi wale ambao mashine zao hazina uhakika.

Na kahawa iache mtini mpaka iive.