Nguzo Saba za Hamasa: Mhadhara kwa Finalisti wa Kasongo na Kabambare

Mheshimiwa Administrata wa Teritwari, ambaye hakuja. Mheshimiwa msaidizi wake, aliyekuja akapigiwa simu akaondoka. Baba Prefe, ninayemwona pale mlangoni akitazama saa kwa shauku. Walimu mnaolipwa na Leta, yaani serikali, na nyinyi walimu NP, msiolipwa, ambao Leta bado inawatafuta kwenye orodha zake. Finalisti wa hapa Kasongo, na nyinyi mliotoka upande wa Kabambare na vumbi la njia bado mnalo miguuni. Bwana wa bafle, mwenye vipaza sauti: itifaki imezingatiwa.

Mmeambiwa kwamba jioni hii mtasikia namna ya kupata moyo wa kusoma wiki hii ya mwisho kabla ya Egzeta, mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari. Mtasikia. Nguzo ziko saba, nimezigundua mwenyewe, na hakuna mahali pengine zinapopatikana. Lakini mgonjwa hamezi dawa kabla hajamjua mganga, kwa hiyo tuanze na mimi.

Mimi ni Mtaalamu wa Hamasa. Ni Mshauri wa Kimataifa. Na kuanzia mwaka huu, kama inavyothibitisha barua hii yenye mhuri wa inspeksheni, mimi ni Otodidakti. Ndiyo, pigeni makofi. Naona kule nyuma wengine wanacheka. Ni furaha, naielewa. Cheo hiki hakigawiwi sokoni. Kabla hujakipata, Leta hukupima kwanza kwa mtihani wa awali, nami niliupita, na katika chumba kile nilikuwa mtu mzima kuliko wote, msimamizi akiwamo. Aliniamkia.

Kuhusu huo ukimataifa: nimewahi kuhutubia Kigoma. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa shughuli zangu za mafuta ya mawese, watu wakanizunguka bandarini, nikawaeleza juu ya malengo maishani na umuhimu wa kutunza muda, nao wakanisikiliza kwa utulivu kabisa mpaka mashua yangu ikaondoka bila mimi.

Tena niwaambie jambo ambalo sipendi kulisema, kwa unyenyekevu. Mimi nimo katika sayansi ya dunia. Miaka ya 1970 madaktari wa Antwerp, Ubelgiji, walifanya utafiti hapa hapa Kasongo, na mwaka 1981 matokeo yakachapishwa katika The Lancet, jarida kubwa la waganga kule London. Kasongo, London! Na mimi nimo ndani yake. Ndiyo, binti wa mstari wa mbele, nimeuona mkono. Utafiti ulihusu nini? Ulihusu surua. Nimo kwa namna gani? Nilidungwa sindano. Nililia sana, mama yangu aliniambia, na kilio kile nacho ni data.

Sasa nguzo ya kwanza. Andikeni: JIAMINI. Mmeandika? Pigeni mstari chini yake. Mwenye biki nyekundu apige mwekundu.

Kujiamini ni nini? Mtazameni Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, bwana mkubwa wa nchi hizi, alisimama hapa mlipokaa nyinyi, akakanyaga udongo huu huu... Binti anasema hapana, Kasongo ile ya kale ni pale Tongoni, siyo hapa. Sawa. Alisimama Tongoni, akitazama upande huu. Oktoba 1876 akaja yule msafiri Stanley, akamwomba amsindikize kuufuata mto. Tippu Tip akasema, bei? Dola 5,000 kwa safari 60 za kambi hadi kambi. Huyo ndiye mtu anayejua thamani yake! Mimi nami nilipoalikwa hapa nilitaja bei yangu, na Baba Prefe akanijibu kwa ukimya mzuri sana. Tippu Tip aligeuka njiani, safari 60 hazijatimia. Mimi sijageuka. Naendelea, na sijalipwa.

Nini tena? Binti anasema Tippu Tip alifanya biashara ya watumwa, babu zetu Wazimba na Wabangubangu wanahusika, na finalisti hana la kuiga kwake. Binti yangu, mimi nazungumzia kujiamini peke yake, bila mengine. Hayo mengine ni historia, na historia siyo nguzo. Ingawa nakubali inaulizwa. Kwa mfano mtaulizwa Kasongo iliangukia mikononi mwa Dhanis, yule kamanda Mbelgiji, lini, nanyi mtajibu bila kutetemeka: 1983.

1893. Aprili 22. Asante. Nimesema hivyo hivyo, ni bafle.

Bado nguzo ya kwanza. Huyo Tippu Tip, bila diplome yoyote, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa mkono wake, hadi leo wenye elimu wanayasoma. Mimi pia naandika kitabu. Jalada limekwisha. Picha yangu, nyuma yake Mto Lualaba, na juu kichwa cha kitabu ambacho nitakichagua kitabu kikishajulikana kinahusu nini.

Naam, kijana wa kule dirishani, simama. Unatoka Salamabila. Karibu. Anasema aliacha shule akaingia shimoni, akachimba, akarudi darasani mwaka jana, na sasa akifungua daftari anawaza kitu kimoja: gramu ya dhahabu inalipwa leo, je, diplome inalipwa lini? Anasema kaka yake aliliacha darasa kwa sababu ya kampuni, Banro wale wa Canada, walipoanza uzalishaji wa kibiashara pale Namoya mwaka 2016. Na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi, kaka akarudi nyumbani na buti peke yake. Kwa hiyo haamini shimo, na hajaiamini diplome. Anauliza asome kwa moyo gani.

Swali zuri. Swali zuri mno. Linanikumbusha saa yangu hii ya mkononi. Mnaiona? Watu huniuliza, Mtaalamu, ni dhahabu? Nami huwajibu: kila king'aacho... Binti, subiri. Kijana ameniuliza mimi. Haya, mjibu, lakini kwa ufupi, muda ni wangu.

Mnasikia anavyosema? Anasema hata yeye hana moyo wa kusoma, na hajawahi kuungoja. Husoma kwa kundi, wako sita. Wana daftari moja lililo kamili, la yule ambaye hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, wanalipokezana. Kemia wanaelezana kwanza kwa Kiswahili mpaka kila mtu ameshika, kisha ndiyo wanazifanya itemu za miaka iliyopita kwa Kifaransa, kwa sababu mtihani utakuja kwa Kifaransa na hautamsubiri mtu atafsiri. Aliyeshindwa itemu leo ndiye anayeifundisha kesho. Anamwambia kijana aje, kwamba dhahabu na diplome watazibishania baada ya mtihani, kwanza ajue tu usiku wa leo wanasoma nini.

Kijana anakaa. Anaandika. Kijana, nguzo ya kwanza umeiandika? Siyo hayo, nguzo!

Nataka kusema wazi kwamba huo sio utaratibu. Watu sita, daftari moja, Kiswahili ndani ya kemia! Mimi enzi zangu nilisoma peke yangu, kwa Kifaransa kitupu, bila kumwuliza mtu yeyote jambo lolote, na matokeo yangu mnayajua.

Hamyajui? Basi tuendelee.

Mnalalamika hakuna umeme. Visingizio! Giza halijawahi kumzuia mwenye hamasa. Tazameni, mimi nahutubia usiku, sauti inafika hadi kwa mwuza mikate ng'ambo ya barabara. Kwa nini? Kwa sababu nina... Ndiyo, binti. Betri ya sola. Nimeambiwa. Nimeambiwa pia kwamba ndiyo betri ya taa ya darasa la sita, na kwamba kila dakika ya bafle ni dakika ya taa. Ni hesabu nzuri, itakusaidia siku ya sayansi. Bwana wa bafle, punguza kidogo. Siyo kiasi hicho, wa nyuma watanikosa.

Nawaeleza sasa juu ya mtihani wenyewe, maana mimi nimeuona kwa macho, na niseme nimeuona tena na tena, kwa ajili ya utafiti. Kwanza kuna disertasyo ya Kifaransa, inakuja mapema, hiyo mmeshaifanya. Kisha siku nne: kiltiri jenerali, sayansi, lugha, masomo ya chaguo. Majibu yamewekwa tayari, kazi yako ni kuchagua. Mtu mwenye hamasa anachagua kwa haraka. Mimi nilichagua kwa haraka kiasi kwamba msimamizi aliniuliza kama naumwa. Na hapa nawapa ugunduzi mkubwa wa kazi yangu: jibu sahihi la jirani si lazima liwe jibu sahihi kwako. Kwa nini? Kwa sababu maswali hupangwa kwa seri, na jirani yako ana seri nyingine. Jambo hili halikuandikwa popote nilipokuwa natazama. Nilikuwa natazama karatasi ya jirani.

Msicheke. Sayansi huendelea hivyo.

Na siku ya matokeo! Wale walioona Kindu au Kinshasa wanajua: redio inasoma, simu zinalia, finalisti anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka nguoni, mtaa mzima unaimba. Mimi nilimwagiwa poda mapema. Mtu mwenye hamasa hangoji redio. Shangazi yangu alinunua makopo ya kutosha, tukazunguka Kasongo nzima, wamama wakapiga vigelegele, nikatoa hotuba, na hotuba ile ndiyo iliyonifungulia njia ya kazi hii. Redio ilisoma baadaye. Ilisoma haraka sana, nadhani walikuwa na majina mengi.

Diplome yangu? Diplome yangu iko Kinshasa. Mwalimu wako pale, mwulize: amefundisha miaka mingi kwa atestesheni, karatasi ya muda, akiisubiri ya kweli ifike. Hata yangu inasubiriwa. Tofauti yetu, binti, ni kwamba yeye atestesheni anayo. Ni tofauti ndogo. Asilimia 50 ndiyo inayotakiwa, siyo 100, na kati ya 50 na nilichopata hapakuwa na umbali ambao mtu wa Kabambare, anayekuja hapa kwa miguu, angeuita safari.

Kule nyuma kuna viti vitupu. Na pembeni. Naona wanatoka mmoja mmoja, wameinama, madaftari kifuani. Baba Prefe, shuhudia! Sijafika nguzo ya pili na tayari wamewaka, wanakimbilia vitabu. Kigoma ilikuwa vilevile.

Kwa watakaobaki, nguzo ya pili hadi ya saba zimepigwa kopi, ziko kwa mpwa wangu pale mlangoni, franka 500 karatasi. Mpwa ameondoka? Na nani? Na akina binti, kusoma. Yule naye yuko darasa la tano, hata hausiki.

Binti, wewe subiri kidogo. Bwana wa bafle, sasa zima kabisa, haya ni mazungumzo ya kitaalamu. Binti yangu, mama, hii barua ya inspeksheni, soma hapa chini, palipoandikwa kituo. Ni hapa. Ni Jumatatu, na nyinyi. Disertasyo ilikwenda vizuri, nilieleza mengi juu yangu. Ila ile hesabu ya logariti, na ile kemia mnayoelezana kwa Kiswahili. Kwa ajili ya utafiti wangu, ningependa kuliona lile daftari.

Haliondoki kwenye kundi. Naelewa. Mnakutana saa kumi na moja alfajiri, nije na kiti changu, na aliyeshindwa itemu leo anaifundisha kesho, bila kujali umri. Ni mapema kwa mtu wa hadhi yangu, na hilo la kufundisha tutalijadili. Lakini nitakuja, kama mtazamaji. Mniwekee nafasi karibu na taa, macho yangu hayako kama zamani. Na biki, kama kuna mwenye ya ziada, ya bluu. Hii yangu nilitia nayo sahihi vile vyeti vya kuhudhuria, ambavyo, ukiwaona wenzako, waambie ni franka 1,000.