Mvinyo wa Wageni

Zamani ukialika watu ulijua la kufanya: kreti ya bia, kreti ya soda, mambo yameisha. Siku hizi wageni wa mke wangu wanakunywa waini. Tena "waini nzuri". Nzuri kwa nani, hakuna anayesema.

Nenda sasa dukani. Rafu nzima: Afrika Kusini, Chile, Italia, Ufaransa, na kila lebo ina kasri na farasi. Nilimuuliza kijana wa pale ipi nzuri. "Mzee, inategemea mfuko wako." Mfuko wangu naujua, kijana. Nilikuwa nauliza habari za chupa.

Mke wangu hataki kusikia chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Eti wageni watasema tumefulia. Nimemweleza kwamba New Zealand mvinyo karibu wote hufungwa hivyo, na kwamba kile kizibo cha gome la mti ndicho kinachoweza kuuharibu, ukanuka kama gazeti lililonyeshewa. Wapi! Anataka gome. Gome linataka kizibuo, kizibuo kiko kwa jirani, na jirani haazimishi kitu bila kukifuata kinakokwenda.

Halafu eti mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba cha nani? Waliotunga sheria hiyo walikuwa Ulaya, ndani ya kuta za mawe, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yangu ya Tabata mwezi wa pili inapita nyuzi 30, feni ikiwa inazunguka. Mimi chupa naitia kwenye friji nusu saa, anayetaka kununa anune.

Na hakosi wa kununa. Kuna bwana mmoja, mume wa rafiki yake mke wangu, huzungusha glasi, hunusa, kisha hutangaza kwamba anasikia matunda ya porini na moshi kwa mbali. Moshi ni wa mishikaki ya pale kona. Nikamsimulia habari za mtafiti Frédéric Brochet wa Bordeaux, aliyetia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wa fani ya mvinyo wakausifia kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Akanijibu, "Hao si walikuwa wanafunzi tu?"

Ningeachiwa mimi, ningenunua wa Dodoma. Zabibu za Makutupora zinapata jua la kutosha, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka ilhali Ulaya ni mara moja, na katika bei hulipii nauli ya meli. Kilimo chenyewe kilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki. Mvinyo wa madhabahuni haufai Tabata? "Dodoma? Kwa wageni?" akasema mke wangu, na mjadala ukafungwa.

Tukanunua wa Ufaransa, bei sitaji kwa sababu mama yangu husomewa safu hii.

Mgeni wa kwanza alionja, akakunja uso. "Shemeji, hii haina sukari?" Akajazia Coca-Cola. Hata kulalamika siwezi, maana Wahispania nao hufanya hivyo hivyo na wameupa jina, kalimotxo. Wa pili akaomba barafu. Yule bwana wa moshi alikuwa akiendesha gari, akanywa maji. Chupa akaimaliza jirani mwenye kizibuo, akaifuta midomo yake, akauliza bia tunaleta saa ngapi.