Mdau wa Waya
Tangu kituo cha teknolojia cha iHub kifunguliwe Ngong Road mwaka 2010, Nairobi haijakosa kampuni ya ubunifu wa kidijitali inayopenda vijana. Inawapenda kweli. Juzi kampuni moja iliita kikao cha wadau: mfadhili, mtu wa wizara, mtu wa benki, kila mmoja na sambusa zake mbili. Kijana aliyechora katuni zilizokuwa zikichezacheza ukutani alisimama nyuma, ameshika waya wa projekta usichomoke. Huu ni mwezi wake wa tisa akiwa mwanagenzi. Halipwi mshahara, analipwa uzoefu. Makanga wa Githurai hupokea taslimu, hupokea M-Pesa. Uzoefu bado hajaanza kuupokea. Ila fulana amepewa, imeandikwa mgongoni “Kesho ni Yetu”. Saizi yake iliisha. Amevaa ya mfadhili.