Jirani Akizama, Wewe Lala

Kwetu Ntalikwa, Tabora, hatuna bahari. Meli yetu maarufu ilipita Tabora kwa treni, vipande vipande ndani ya masanduku, ikaungwa Kigoma. Leo mnaiita Liemba. Lakini mwano tunao, lile yowe la usiku linalokutoa kitandani na rungu mkononi. Asiyetoka, walinzi wetu wa Sungusungu watamtoza faini. Mimi nitakufundisha kubaki kitandani na heshima yako, ndugu yangu. Mwalimu wetu ni Kapteni Stanley Lord wa meli Californian, usiku wa Aprili 14, 1912, Titanic ikizama jirani yake.

Kwanza, zima simu mapema. Mtu wa redio wa Californian, Cyril Evans, aliwaambia Titanic kwamba wao wamesimama, barafu imewazunguka. Akajibiwa anyamaze, mwenzake ana kazi. Naye akazima mitambo, akalala. Dakika chache baadaye Titanic ikagonga barafu. Jirani aliyekujibu vibaya jioni amekupa ruhusa ya usiku kucha.

Pili, uliza maswali. Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye utamu. Ofisa wa zamu, Herbert Stone, aliona fataki nyeupe zikipanda angani upande wa meli ya jirani. Akamwita kapteni kwa bomba la kuzungumzia. Kapteni, amejinyoosha kwenye kochi la chumba cha ramani, nguo mwilini, akauliza: ni alama za kampuni? Stone hajui. Basi waiteni kwa taa. Wakaita, kimya. Baada ya saa nane usiku mwanagenzi James Gibson akateremka kusema meli ile imetoweka, imerusha fataki nane. Kapteni: zote nyeupe?

Umeona ufundi? Rangi! Nawe mwano ukilia, usivae viatu. Uliza dirishani: ni mwizi wa ng'ombe au wa mbuzi? Kwa mzee wa juu au wa bondeni? Kabla ya swali la nne kumekucha. Kapteni baadaye alisema hakumbuki kuzungumza na Gibson, alikuwa usingizini. Hilo liweke akiba.

Tatu, sema ukweli, halafu endelea kutazama. Gibson aliona taa za meli ile zimekaa vibaya. Stone naye akamwambia meli hairushi fataki baharini bila sababu. Maneno ya busara kabisa. Wakarudi kwenye darubini. Evans alikuwa amelala hatua chache tu kutoka hapo, na hakuna aliyemwamsha mpaka alfajiri, kwa sababu kumwamsha anayejua kazi ni kujitafutia kazi.

Nne, kalamu iwe nyepesi. Daftari la meli halikutaja fataki hata moja, na karatasi za rasimu za usiku ule hazikuonekana tena.

Ukishtakiwa, bishania umbali. Lord Mersey, mkuu wa uchunguzi wa Uingereza, alisema Californian ingeweza kuokoa wengi, kama si wote. Kapteni akashikilia kwamba alikuwa mbali mno, maili kumi na tisa hivi. Watetezi wakaleta na meli ya tatu, Samson ya Wanorwe. Mgeni aliyepita njia husaidia sana. Mwaka 1992 wakaguzi wa Uingereza walirudia hesabu, na wenyewe hawakuafikiana kuhusu umbali. Kwa bahati mbaya waliafikiana kwamba fataki zilionekana. Hapo kohoa, uulizie mvua.

Jihadhari na watu wa aina ya Arthur Rostron. Meli yake, Carpathia, ilikuwa mbali kwa maili zaidi ya hamsini, akageuza usiku uleule katikati ya barafu, akaokoa watu zaidi ya 700. Kila kijiji kina mmoja wa namna hiyo: anakaa ng'ambo ya mto, goti bovu, na ndiye anayefika wa kwanza. Usijenge karibu naye.

Californian ilifika asubuhi, jua limeshapanda, Carpathia inamalizia kazi. Nenda saa hizohizo. Oga kwanza, chukua kibakuli cha michembe, bisha hodi taratibu: “Jamani, kwani usiku kulikuwa na nini?”