Kaimati Atafutiwa Jina

Watoto wetu wawili wa kwanza hawakutupa tabu ya majina, maana majina yao yalikuwa deni. Wa kiume alichukua jina la baba yangu, wa kike akachukua la mama mkwe, na sisi wazazi kazi yetu ikawa kuitikia amina. Jina la baba yangu sitaliandika hapa. Mke wangu husoma ninayoyaandika, na tangu tuoane, mwaka wa 11 huu, jina hilo halijapita mdomoni mwake. Mkwe hatajwi ovyo. Basi mwanawe wa kumzaa mwenyewe humwita Babu. Mimi nami, kwa adabu hiyo hiyo, binti yangu wa miaka 6 namwita Mama.

Wewe mwenzangu mwenye watoto, hebu ifikirie nyumba yetu ya Langoni, magharibi inakaribia, mama mkwe katoka Pate kuja kutuangalia, nami napaza sauti: "Mama, toa kidole puani!" Kimya. Kisha jikoni hutoka sauti ya taratibu, ile ya hatari: "Waniambia mimi?"

Mtoto wa tatu akaja hana deni la mtu. Tulikuwa huru kumpa jina lolote jema, na uhuru huo ndio ulioniponza.

Alizaliwa Ramadhani, muda mchache kabla ya kufuturu. Mama mkwe, ambaye tunamwita Nahodha (si mbele yake, tunajipenda), alikuwa jikoni kwangu akipika kaimati. Na kaimati za Nahodha si za kubahatisha. Unga huumuliwa kwa hamira na tui zito, hupigwa kwa mkono mpaka ukatoa mlio wa mtu anayetembea matopeni, kisha hunyofolewa kidonge kidonge na kudondoshwa kwenye mafuta, ambamo hujigeuza wenyewe bila kuambiwa. Zikiiva hutiwa kwenye shira ya hiliki, zikarushwarushwa humo mpaka sukari ikaganda juu yake utando mweupe. Simu ilimkuta katika hatua hiyo ya utando. Akafunika bakuli, akavaa buibui, akaja nalo hospitali ili wauguzi nao wafuturu.

Akaletewa mjukuu. Mviringo mtupu! Mashavu yameimeza pua, rangi ya kitu kilichokaangwa na mtu anayejua, na juu ya ngozi ule ukoko mweupe wanaozaliwa nao watoto. Nahodha akamtazama, akalitazama bakuli, akamtazama tena.

"Kaimati hini!"

Wauguzi wakacheka midomo imejaa, na habari ikaishia hapo. Siku ya tatu kijana wa punda aliyeniletea gunia la mkaa aliniuliza, kabla hata ya kudai pesa yake, "Kaimati hajambo?" Nilivyomwona yule punda, naye alikuwa anajua.

Sasa, mke wangu, ambaye namwita Mwenye Nyumba kwa sababu anayelipa kodi ni mimi, akatoa hukumu akiwa bado kitandani: jina la karatasi lazima lishabihiane na Kaimati. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo. Jina kubwa hutangulia, la nyumbani likafuata nyuma. Khadija ndiye huwa Dija, Suleiman akawa Sele, Abdalla akawa Dula. Hakuna mtu anayeokota kifungo kisha akaenda kwa fundi kukishonea kanzu.

Alinijibu neno moja. "Kasa."

Kasa ni mimi. Nilichelewa kutembea, nikachelewa kusema, na bibi yangu akaona kiumbe anayefanana nami ni yule anayejikokota mchangani usiku kwenda kutaga. Nikakua sijui jina jingine. Siku ya kwanza ya shule mwalimu aliita jina langu la karatasi mara tatu, nami nimekaa mbele yake kabisa, nawageukia wenzangu nimwone huyo mtoro ni nani. Nikaandikwa sijafika. Na si mimi peke yangu. Hapa Amu spika ya msikiti ikitangaza kifo cha fulani bin fulani, mtaa mzima hutazamana. Mpaka mtu aongeze lakabu ya marehemu ndipo kilio kianze.

"Mwanangu hatakuwa watu wawili," akasema Mwenye Nyumba, na mimi Kasa nikarudi kwenye gamba langu.

Kikao cha kwanza kilikaa baada ya tarawehe. Babu akapewa daftari, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko, apange majina kwa alfabeti. Dada yangu, Redio, akafungua kwa kishindo: "Kaifa! Zuri, tena la Kiarabu." Babu, anayesoma madrasa, akainua kichwa. "Shangazi, kaifa ni 'vipi'. Kaifa haluka." Tukamwona mtoto maisha yake yote akiwa swali. Kaifa likafutwa.

Mimi nikaleta Kaimu. Nilihakikisha nimelitamka kwa qafu nzito, kooni, ili lisikike la kisomi. Mwenye Nyumba akaniuliza, "Kama kaimu chifu?" Nikajaribu kueleza maana yake kwa Kiarabu, lakini Redio alikwisha kuanza kumpigia saluti mtoto. "Mwanangu si wa kushikilia nafasi," ikawa hukumu.

Tukaacha kichwa cha kaimati, tukashika mkia. Hapo mambo yakawa mepesi: Rahmati, Neemati, Hikmati, yote majina ya heshima, na nyumbani ataitwa Mati. Nilishaanza kunusa usingizi. Nahodha, aliyekuwa kimya akivuta uradi, akauliza, "Na ukimwita una haraka, Mati, Mati, Mati, utakuwa umeita nini?" Nikajaribu moyoni. Mara ya tatu nilikuwa na maiti ndani ya nyumba. Babu akafuta bila kuambiwa.

Kisha Nahodha akaleta hoja yake mwenyewe, kwamba mtoto aitwe Mwana Kaimati, basi, wazi wazi, na asiyetaka akale chumvi. Ukiwa na mkwe wa Pate lazima ujue kwamba historia kwake si jambo lililopita, ni shahidi anayeitwa wakati wowote. Akatukumbusha kwamba Pate katika karne ya 18 iliwahi kutawaliwa na Bwana Tamu. Tena si mmoja: Bwana Tamu Mkuu, na Bwana Tamu Mtoto. "Masultani! Kuna aliyewacheka?" Na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, utendi unaosomwa hadi leo, kwani Kupona si neno la Kiswahili tu kama kupika? Nilitaka kusema kwamba mwalimu wa darasa la kwanza hataisoma tarehe ya Pate kabla ya kuita daftari la mahudhurio. Nikaona heri nisinzie.

Mbuzi wa akika alikuja siku ya tano. Mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, na Alhamdulillahi kwa hilo, maana nyumba za mawe za Amu zilijengwa na watu waliofikiria mambo mengi lakini si mahali pa kufunga mbuzi. Dakani aliwazuia wageni, kwa hiyo nikamhamishia kiwandani, yaani uani. Daftari la majina nilikuwa nimeliweka kwenye kidaka cha chini, pamoja na chupa ya marashi, mahali ambapo kwa maoni yangu palikuwa salama. Asubuhi tulikuta mbuzi ameanza nyuma, kama asomaye Kiarabu: kala kuanzia Z mpaka S, jalada kaliacha. Redio akasema angalau kuna mmoja aliyeyapenda.

Wajumbe wa Pate walitarajiwa siku hiyo, lakini boti yao ilikuta maji yamekupwa ikakaa kwenye tope la Mkanda saa kadhaa ikingojea yajae. Walifika usiku wa siku ya sita. Kati yao alikuwemo mjomba wa mke wangu, Nukta, tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kuifikia. Mjomba Nukta alianza na boti, akaingia kwenye mikoko, akapitia bei ya petroli, akamsema fundi wa mashine, na katikati ya fundi wa mashine, sijui kwa mlango gani, akatokea Baghdad.

Akasema Mansur, yule khalifa aliyeanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 762, alikuwa na mjukuu wa kike mnene, laini. Alikuwa akimchezesha humwita Zubeda, yaani kidonge cha siagi. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa jingine kabisa, la heshima zake, nalo wengi hawalijui. Mtoto akakua, akaolewa na Harun Rashid, akatoa mali yake kujenga visima na mabirika kwenye njia ya mahujaji kutoka Iraki hadi Makka, na njia hiyo mpaka leo ni njia ya Zubeda. Njia ya kidonge cha siagi!

Nikamtazama Mwenye Nyumba. Alikuwa ameacha kumpembeza mtoto.

"Kwa hiyo Zubeda," akasema polepole, "ni Kaimati wa Baghdad."

Ningeweza kulia. Jina zuri, la dini na dunia, lililoanza kama utani wa babu kwa mtoto mviringo, likalimeza hata la karatasi. Na lilikuwa kwenye Z, ambako mbuzi alishapita. Nikafungua kinywa kusema tumemaliza.

"Kaimati zangu hazina siagi," akasema Nahodha.

Nusu saa, mwenzangu. Nusu saa tulijadili siagi na tui, huku mbuzi akilia kiwandani na majirani wakigonga ukuta. Mjomba Nukta alieleza, akarudi nyuma, akaeleza tena, na mwishowe akapata neno ambalo serikali zingelilipia: "Dada, Baghdad hakuna minazi. Wangefanyaje?" Nahodha akawahurumia watu wa Baghdad, akakubali.

Asubuhi ya siku ya saba Mjomba Nukta akamlaza mbuzi, akaelekea kibla, akaniuliza akika ya nani. Kumbuka ni mimi niliyelipinga jina lile tangu siku ya kwanza. Ni mimi niliyesema habari za kifungo na kanzu. Nikavuta pumzi, nikajibu kwa sauti ya baba wa familia:

"Ya Kaimati."

Kisu kikasimama hewani. Mbuzi akanitazama. Mjomba Nukta akaninong'oneza, "Zubeda," kwa upole ule wa kumtamkisha mgonjwa shahada, nami nikasema Zubeda, na nyuma ya mlango nikasikia Nahodha akicheka mpaka akakohoa.

Sheria ya nchi hutoa miezi 6 ya kumsajili mtoto. Mimi nilikwenda wiki iliyofuata, kwa sababu naijua familia yangu na miezi 6 ni mirefu. Majina matatu, yakakaa vizuri: Zubeda, langu, la baba yangu. Karani alipouliza langu nilichelewa kidogo. Kasa lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Ningependa kukuambia kwamba nyumba imetulia. Lakini Mama aligundua kwamba mtoto wa siku chache ana majina mawili, moja la chakula, ilhali yeye ana moja tu, tena la kuazima kwa bibi yake. Akagoma kula. Suluhu ilipatikana nikiwa kazini, sikuulizwa: yeye sasa ni Sambusa, na Babu, asije akaachwa nyuma, ni Mofa. Ukiwaita vingine hawaitiki.

Basi jana, magharibi inakaribia, naingia ndani nimechoka, nakuta kidole kiko palepale. Nikapaza sauti: "Sambusa, toa kidole puani!"

Kimya. Kisha jikoni:

"Zimekwisha!"