Kila Kitu Kloni, Kasoro Mgomba

Zamani mtoto akifanana na mzazi tulisema wamefanana kama shilingi kwa ya pili, maneno yakaisha, tukaendelea na chai. Siku hizi mtaa wetu mzima umekuwa wa wataalamu wa vinasaba. Simu ya bei poa kutoka Kariakoo, kloni. Gari lililobandikwa namba za gari la mtu mwingine, kloni. Msanii chipukizi anayeimba kwa pua kama fulani, kloni. Nyumbani kwangu ndiyo usiseme. Kijana akishika mkia darasani, mama yake anatangaza hadi kwa majirani kwamba huyu ni kloni ya baba yake. Muhula akifaulu, kachukua akili za wajomba.

Niitetee sayansi, maana mimi mwenyewe hakuna wa kunitetea. Mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo hawezi kuwa kloni ya yeyote kati yetu. Ule mkia tumeuchangia wote wawili, mama watoto.

Kloni ya maabara ilipatikana kwa jasho. Dolly, yule kondoo wa Taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, Uskoti, alizaliwa Julai 1996. Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao walichukua seli ya kiwele cha kondoo wa miaka sita, wakaiunganisha na yai la kondoo mwingine lililoondolewa kiini, kisha kiinitete kikabebwa na kondoo wa tatu. Mayai yaliyounganishwa hivyo yalikuwa 277, na aliyezaliwa akaishi ni Dolly peke yake. Mama watatu, na baba hakuna hata wa kusingiziwa! Halafu mtu ananionyesha simu iliyogandishwa kwa gundi, inayochemka mfukoni kabla hata hujapiga, ananiambia na hii ni kloni. Kloni ya nani? Ndani yake hamna kitu hata kimoja ilichorithi kwa simu inayoiigiza. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, walipozizima simu za aina hiyo Juni 2016 walitumia neno bandia, na kila mwenye nayo alielewa anaambiwa yeye.

Wala msidhani kloni halisi lazima ifanane na mwenzake. Desemba 2001, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M huko Marekani, alizaliwa paka wa kwanza wa namna hiyo, wakamwita CC. Paka aliyetoa vinasaba, Rainbow, alikuwa na rangi tatu, mojawapo ya chungwa. CC akatoka na mabaka ya kijivu na meupe, chungwa hamna hata unywele. Sababu ni kwamba paka jike ana kromosomu X mbili, na kila seli huzima moja. Seli iliyomleta CC ilikuwa imeizima ile yenye chungwa. Fikiria gharama zote zile, wataalamu wote wale, halafu mtoto anazaliwa kafanana na jirani.

Hata Kulwa na Doto waliotoka kwenye yai moja, ambao ndio kloni wa kuzaliwa tunaoishi nao miaka yote, hawana alama za vidole zinazolingana. Kwetu Kulwa ni mlokole. Doto ukimkopesha, umesaidia baa.

Linaloniudhi zaidi ni huyu jirani yangu anayesema kunakili viumbe ni kuingilia kazi ya Mungu, na anayasema hayo mdomo umejaa ndizi. Mzee wangu, umewahi kuona mbegu ndani ya hiyo ndizi? Mgomba wa shambani hupandwa kwa chipukizi lililong'olewa ubavuni mwa mgomba mwingine, na vinasaba ni vile vile. Muhogo unaopandwa kwa pingili ni kloni. Viazi vitamu vya marando ni kloni. Bibi zetu walifanya kazi hii karne na karne, bila koti jeupe wala posho ya semina.

Hapo ndipo kloni inapokuwa jambo la kuogopesha, na hakuna anayeliogopa. Mimea yenye vinasaba vile vile ina udhaifu ule ule. Ndizi ya Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya, ndiyo iliyotawala biashara ya kuuza ndizi nje kutoka Amerika ya Kati. Ukaja ugonjwa wa Panama, kuvu wa kwenye udongo, na kufikia miaka ya 1960 mashamba makubwa yalikuwa yameshaachana nayo. Wakahamia Cavendish, ambayo kuvu yule hakuiweza. Wakapanda Cavendish tupu, shamba kwa shamba, nchi kwa nchi. Sasa kuna aina nyingine ya kuvu huyo, TR4, inayoiua Cavendish, na mwaka 2013 iliripotiwa Msumbiji, hapo tu ng'ambo ya Ruvuma.

Ukitaka kuona shamba la namna hiyo bila nauli, njoo mtaani kwetu. Mmoja alifungua kibanda cha chipsi mayai, akapata wateja. Sasa viko vinne, mwamvuli ule ule, kabati la kioo lile lile, muziki ule ule. Viazi vikipanda bei, vyote vinafunga siku moja, na vijana wote wanne wanakuja kukopa kwangu jioni hiyo hiyo.

Jana amekuja wa tano, mpwa wangu, anataka mtaji wa kibanda cha chipsi. Nikamuuliza, "Wewe utakuwa na tofauti gani na hao wanne?"

Akafikiri sana. "Anko, mimi nitaweka na kachumbari."

Nimempa. Kwa mtaa huu, hayo ni mabadiliko makubwa ya vinasaba.