Tenda ya Fisi

Fisi wa Kitale alipata tenda ya kusimamisha kinu cha mahindi Bungoma. Akaandika orodha moja tu, kichwa chake "Wanaohitajika", akawatia humo wote: Punda wa magunia, Mchwa fundi udongo, Bundi mkaguzi wa unga. Hakuna aliyeuliza swali, maana mkutano ulikuwa na nyama.

Lori likashuka kupitia Kiminini na Kamukuywa, limejaa pomoni. Punda alikuwa wa kila siku, sawa. Lakini Mchwa kazi yake ilikwisha ukuta uliposimama. Kwa kuwa orodha haikumtenga, alibaki ndani, akaanza kula nguzo alizozisimika mwenyewe.

Mota ilikuwa na kisa chake. Kobe, aliyekiunda kinu, aliandika wazi kuwa kinatumia mota ya mwenye nyumba, na Sungura mwenye nyumba alikuwa nayo. Fisi, kwa ukarimu asioombwa, akaja na yake. Zikafungwa zote kwenye mkanda mmoja: hii inavuta kwenda Webuye, ile inavuta kwenda Malaba.

"Na kwenye mahindi umeandika nini?" Sungura akauliza.

"Mbegu yoyote, mradi iwe mpya."

"Andika H614, bwana. Jina na namba."

Fisi akacheka. Kila wiki yakaja mahindi tofauti, na kila wiki jiwe likachongwa upya.

Kilichomaliza mchezo ni kamba. Punda alifungia magunia uzi wa Buibui, ambaye Fisi hakuwahi hata kumsikia. Buibui akagombana na wakubwa wa soko la Chwele, akakunja uzi wake, akaenda zake. Magunia yakamwagika njia nzima. Msiseme natia chumvi: Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aligombana na wenye npm, ghala la vipande vya programu, akaondoa vipande vyake. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu. Miradi mingi duniani ikagoma kujengeka, ya watu wasiojua kuwa wanakitegemea.

Fisi akamlaumu Buibui. Sungura akaichana orodha, akaigawa: wa kila siku, wa ujenzi, wa mwenye nyumba. Chini ya jina la Punda akaandika Buibui, akanunua uzi wa akiba.

Kinu kinasaga. Fisi naye ameshapata tenda nyingine, Kimilili, kwa orodha ileile. Ndugu zangu wa Kimilili, idaini muisome kabla lori halijapakiwa.